Nchi Isiyohesabu Mikono Iliyoshikana

Nimekagua mitaro ya maji machafu kwa miaka thelathini na mmoja, na kazi hiyo imenifundisha kutoiamini nchi yoyote kwa sura ya majengo yake. Mtu akitaka kunionyesha mji wake, mimi huinama kwanza nione maji yanapita wapi. Ndiyo maana nchi ya Ini ilinipendeza tangu siku ya kwanza, na ndiyo maana nilikasirika sana nilipoona inavuja. Namna nilivyofika huko si habari ya maana. Njia ilikuwa ya giza na ya kubanana, na walionipitisha waliniomba nisiieleze.

Ini ni nchi pana, ya rangi ya udongo mwekundu, iliyo upande wa kulia ndani ya mwili wa mtu mmoja ambaye wenyeji wanamwita Mwenyewe. Hawajamwona hata siku moja. Juu yao kuna dari inayopanda na kushuka kutwa kucha kwa pumzi zake, nao wameizoea kama sisi tulivyozoea mawingu. Mto mkubwa unaingia kutoka upande wa matumbo ukileta kila alichokula, kizuri na kibaya, na kazi ya raia ni kukichambua. Sukari wanaiweka akiba, sumu wanaivunjavunja, na taka wanazitia katika maji ya kijani, machungu, yaitwayo nyongo. Ni watu wa kazi kwelikweli. Sikumwona hata mmoja aliyekaa kibarazani akipiga soga.

Desturi yao kubwa ni kushikana mikono. Raia wa Ini hasimami peke yake. Tangu anapozaliwa mkono wake wa kulia umeshika jirani wa kulia, na wa kushoto umeshika jirani wa kushoto, na hivyo mtaa mzima, kutoka ukingo wa mto hadi kisimani inakokusanywa nyongo. Kazi zao zote wanazifanya kwa miguu, kwa wepesi kuliko mafundi wengi ninaowafahamu mimi wanavyotumia vidole. Mwanzoni nilidhani ni mapenzi tu, nikawaona watu wa kujipendekeza. Kisha nikainama, kama ilivyo kawaida yangu, nikaona kwamba katikati ya mikono ile iliyobanana ndimo inamopita nyongo. Hawana mfereji mwingine. Mikono yao ndiyo mfereji, na jirani akimwachia jirani, maji machungu yanamwagika mtoni, na Mwenyewe huko juu anaamka na macho ya manjano.

Jambo la pili ni njuga. Kila raia huzaliwa na njuga ndogo kwenye kila kiganja. Viganja vikishikana, njuga inabanwa na kunyamaza. Vikiachana inalia, na nyumba ya yule raia inaposikia mlio huo inaelewa kwamba pametokea pengo, kwa hiyo inamzaa mtu mpya wa kuliziba. Siku za kawaida ni mpango wa busara kabisa. Niliona mzee mmoja akifariki kazini. Njuga za majirani zake zikalia, akazaliwa mtu, akashika mikono miwili, kukawa kimya. Hakukuwa na hotuba wala kamati. Nilitamani idara yangu ya zamani ingekuwepo ijionee.

Mwenyeji wangu alikuwa Bi Mwanamvua wa Mtaa wa Ukingoni, mama wa makamo mwenye sauti ya chini na ulimi wa wembe. Alinipokea akiwa amesimama mahali pake, maana hana pengine. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshikwa imara na mtaa mzima. Wa kushoto ulikuwa umemshika jirani yake Shaweji, na hapo ndipo nilipoona kasoro. Hakumshika kiganja kwa kiganja. Walikuwa wameshikana kwa vidole vitatu.

"Mwaka jana vilikuwa vitano," alinieleza bila kunitazama. "Karibu, Bwana Mkaguzi. Usikanyage hapo, panateleza."

Palikuwa panateleza kwa nyongo iliyokuwa ikidondoka kati yao. Upande wa pili wa Shaweji hapakuwa na mtu wa kumshika. Mkono wake wa kushoto ulikuwa huru, njuga yake ikilia bila kupumzika, na nyuma yake walikuwa wamejazana watu waliozaliwa kwa mlio huo, mmoja juu ya mwingine, hakuna aliyemshika mwenzake, njuga za wote zikilia na wote wakizidi kuzaa. Sikuweza kuwahesabu. Kwetu sisi kundi la namna hiyo linaitwa saratani ya ini. Wao waliliita Uhuru wa Viganja, na lilikuwa na bendera.

Shaweji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, mwenye haya, na uchovu wa mtu ambaye kelele haimwachi hata akiwaza. Aliniambia kwamba hakukusudia kuachia. "Nikijisahau kidogo tu, kidole kinajitoa chenyewe," alisema. "Halafu tazama." Akanionyesha mkono wake ulio huru. Vidole vilikuwa vimekakamaa na kujikunja kuwa kulabu. Kulabu hizo haziwezi kumshika jirani. Zinachokijua ni kung'ang'ania ardhi na kuvuta kuelekea mtoni. Waliomtangulia walikwisha kujivuta hivyo hadi majini, mto ukawachukua hadi nchi ya Mapafu, na huko wakakita kulabu zao katika ardhi ya watu na kuanza upya. Watu wa Mapafu walikuwa wameleta malalamiko mara tatu. Hakuna aliyewahi kurudi.

"Dada, niache niende," Shaweji alimwambia Bi Mwanamvua mbele yangu. "Umechoka."

"Nimechoka tangu mwaka juzi na sikukwambia," alijibu. "Sasa ndiyo nikuache? Tulia hapo."

Niliuliza ilikuwaje, nami nikajibiwa kwa utaratibu, mtaa mzima ukichangia. Miaka mingi nyuma Mwenyewe alikuwa akila karanga na mahindi yaliyoota ukungu, na jioni akiyashushia kwa pombe kali. Sumu ya ukungu ilikuja na mto ikaunguza mitaa. Juu ya hayo waliingia wapangaji wasioalikwa, virusi, wakajificha ndani ya nyumba na kuzivunja kutoka ndani. Raia walimwandikia Mwenyewe barua. Barua za Ini humfikia Mwenyewe kama uchovu, na yeye kila alipozipokea alidhani anahitaji chai.

Basi katika balaa hilo Idara ya Ukarabati ikatoa waraka. Ulisema kwamba, kwa muda, raia wanaruhusiwa kuachia mikono ili wakimbilie penye mapengo. Kila nyumba ya Ini ina kitabu kinene kinachoeleza jinsi ya kutengeneza kila kitu cha mwili wa raia, na ili waraka utekelezwe haraka, maofisa walipita nyumba kwa nyumba wakiufunga kwa nta ukurasa unaoeleza jinsi ya kutengeneza viganja. Lazima niseme haki: siku ile ulikuwa uamuzi sahihi. Nimesimamia mafuriko mara mbili katika mji wetu, na mtu aliyeshikwa mikono yote miwili hawezi kuwahi penye shimo. Hata mimi ningeutia sahihi.

Tatizo ni kwamba moto ulipozimwa waraka ulibaki. Kila mwaka uliongezewa muda. Nta ikakauka juu ya kurasa, viganja vikachakaa kwa sababu hakuna nyumba iliyokumbuka namna ya kuvitengeneza upya, na mtu akiachwa na jirani, hakuweza tena kushika hata akitaka.

Nilikwenda kumwona Mkuu wa Idara, Bwana Mselemu, mtu mnadhifu sana, mkarimu, aliyenitembeza kwa saa nzima akinionyesha kazi zake. Kazi zake zilikuwa zege. Penye pengo lolote ambalo watu hawakuliziba, Idara ilimwaga zege, na mitaa mingi ilikuwa imeganda hivyo, migumu, ya kijivu, mto ukihangaika kutafuta pa kupita na kurudi nyuma kwa hasira. Kwetu madaktari huiita hali hiyo makovu ya ini.

"Hapa palikuwa na familia mia moja na malalamiko yasiyokwisha," Bwana Mselemu alinieleza, akiligonga zege kwa kisigino. "Tangu tumwage, hatujapokea lalamiko hata moja."

Nilimuuliza kuhusu waraka. "Mheshimiwa, umeandikwa ni wa muda. Ni muda gani?"

"Muda ambao haujaisha," alijibu, bila hila yoyote. "Na si mimi ninayeuongeza. Ni Baraza. Kila mwaka raia wanapiga kura, na kila mwaka hakuna anayepinga. Utakuwepo keshokutwa, utajionea."

Nilirudi Mtaa wa Ukingoni nikiwa nimeudhika na watu wenyewe. Nilimwambia Bi Mwanamvua kwamba mtu anayelalamika mwaka mzima kisha akakaa kimya siku ya kura asitafute wa kumlaumu. Alinitazama kama anavyotazamwa mgeni aliyeingia na viatu.

"Kura zinapigwa kwa kuinua mkono," alisema. "Wangu uko wapi wa kuinua?"

Ndipo nilipoielewa kanuni yao, na nitaieleza taratibu kwa sababu mimi mwenyewe ilinichukua muda kuamini. Anayepinga waraka ainue mkono, na anayeuunga mkono ainue mkono zamu yake ikifika. Asiyeinua kabisa ameridhika na yatakayoamuliwa. Walioshikana hawawezi kuinua bila kuachia, na wakiachia ndiyo wametekeleza waraka. Kwa hiyo kila mwaka waliandikwa kwamba wameridhika. Isitoshe, Baraza huhesabu mikono, halihesabu vichwa. Raia aliyeachiwa pande zote mbili anainua mikono miwili, anahesabiwa mara mbili, na nyumba yake kabla ya siku ya kura huwa imezaa wengine kumi wa kumsaidia. Wasomi wa Ini wameandika vitabu kuisifu kanuni hii. Wanasema inawapa sauti walio huru.

"Hamkuwahi kuinua mikono mkiwa mmeshikana?" nikauliza. Lilikuwa swali la mtu aliyechoka, sikutarajia chochote.

Bi Mwanamvua aligeuza uso kuelekea kisimani. Kisha akasema, "Mmoja wetu alijaribu zamani, upande wa kisimani. Aliinua peke yake, mfereji ukainama, nyongo ikamwagikia mtaa wote. Tangu hapo ni mwiko." Akanitazama tena, safari hii vingine. "Wewe ni mtu wa mitaro. Tukiinua sote kwa pamoja, itamwagika?"

Sijawahi kuulizwa swali zuri kama hilo katika miaka yangu yote ya kazi. Nilipiga magoti, nikapima mwinamo wa mikono kutoka nyumba hadi nyumba kwa jicho na kwa kamba, nikautembea mtaa mzima hadi kisimani na kurudi, na wale watu wakinivumilia nilivyokuwa nikipita chini ya makwapa yao. Maji hayajali yako juu au chini. Yanajali mwinamo. Nikarudi nikamwambia kwamba wakiinua kwa pamoja, mwinamo haubadiliki na haitamwagika hata tone. Mmoja akichelewa, itamwagikia yeye na wanaomfuata.

"Na huku?" akauliza, akionyesha kwa kidevu vidole vitatu vya Shaweji.

Hapo sikutaka kumdanganya. Nilimwambia kwamba mkono ukiinuliwa, uzito wote wa Shaweji utaning'inia kwenye vidole hivyo. Yeye amesimama kwenye utelezi, ukingoni mwa mto, na huko nyuma watu wake mwenyewe wanamsukuma. Vikichomoka, anaanguka majini.

Bi Mwanamvua aliviangalia vile vidole vitatu. Walikuwa wameshikana tangu siku walipozaliwa, nyumba zao zikitazamana, na nyongo ya wote wawili ikipita mfereji mmoja. Akamgeukia akamwambia yote, waziwazi, kama mtu anavyomweleza ndugu mgonjwa aliyekataa kudanganywa. Asipoinua, waraka utaongezwa, nta itakaa mwaka mwingine, na Shaweji hana vidole vya kufika mwaka mwingine. Akiinua, huenda akampoteza keshokutwa.

"Wewe unataka nini?" akamuuliza.

"Nataka hii kelele inyamaze," alisema Shaweji. "Inua, dada. Nitajikaza."

Siku mbili zile mtaa haukusema lolote kwa mdomo. Wana njia yao: mtu hubonyeza kiganja cha jirani, jirani hubonyeza cha mwenziwe, na habari inafika kisimani bila ofisa yeyote kuisikia. Mara moja nilishika bega la mzee mmoja habari ikiwa inapita, nikaihisi, kitu kidogo kama mapigo ya moyo. Ilivuka mtaa wetu ikaingia mitaa ya pili na ya tatu. Palipokuwa na zege ilikwama, wakaizungusha.

Siku ya Baraza ilikuwa ya dari tulivu. Baraza la Ini halina jengo; kila mtu huhudhuria akiwa mahali pake, na maneno hupaazwa mtaa kwa mtaa. Msemaji wa Uhuru wa Viganja alizungumza kwanza, na lazima nikiri alizungumza vizuri. Alisema wao wanakua na wengine wamedumaa. Alisema mto unakwenda nchi nyingi, na ni ushamba kuzaliwa, kufanya kazi na kufa ukiwa umemshika mtu yuleyule. Alisema tayari wana tawi Mapafu. Umati wake ulishangilia kwa njuga, kwa kuwa haukuwa na namna ya kuzinyamazisha.

Kisha Karani wa Baraza, Bi Chausiku, mwanamke mkavu aliyekuwa akiisoma kanuni ileile kila mwaka, akauliza kama kuna anayepinga kuongezwa kwa waraka. Hakunyanyua hata macho. Alikwisha kuanza kuandika jibu.

Bi Mwanamvua akabonyeza kiganja cha kulia. Akasubiri hadi mbonyezo urudi. Kisha akainua.

Mtaa wa Ukingoni wote uliinua kwa pamoja, kiganja ndani ya kiganja, juu ya vichwa vyao, na mtaa wa pili nao, na wa tatu, na kuendelea hadi macho yangu yaliposhindwa kufika. Mimi nilikuwa nimeinama nikitazama mifereji. Nyongo ilipita juu kama ilivyopita chini, haikumwagika, nami sioni aibu kusema nilitokwa na machozi.

Mkono wa kushoto wa Bi Mwanamvua nao ulikuwa juu, na Shaweji akining'inia kwenye ncha yake. Miguu yake ilikuwa imekwisha kuteleza. Kidole kimoja kikachomoka. Vikabaki viwili, vyeupe kwa kukazwa, na mkono wake huru ukatafuta ardhi kwa kulabu zake kama ulivyozoea. Nilitaka kumkimbilia na sikuwa na ruhusa, siku ya kura mgeni hagusi mstari wa mikono. Bi Mwanamvua hakumtazama hata mara moja. Alitazama mbele, akiwa amekaza meno.

"Kura hizi ni batili," alisema Bwana Mselemu. "Hiyo si mikono, hayo ni mafundo. Andika kwamba wameridhika."

Bi Chausiku alikuwa bado ameshika kalamu. Alifungua kanuni akaisoma kimya, kisha akaisoma tena, na ilionekana wazi kwamba ndiyo mara ya kwanza anaisoma ili ajue imesema nini.

"Kanuni inasema mkono uonekane juu ya kichwa," alisema. "Haijasema uwe mtupu."

"Miaka yote hatukuwahi kuihesabu hivyo."

"Miaka yote hawakuwahi kuiinua, Mheshimiwa. Nami nahesabu ninachokiona."

Akahesabu. Alihesabu polepole, mkono kwa mkono, maana hakuwa mtu wa kukisia, na kila alipofika kwenye viganja vilivyoshikana aliandika miwili. Nilimchukia kwa ule utaratibu wake. Shaweji alikuwa bado ananing'inia. Msemaji wa Uhuru wa Viganja akamwita kwa jina, akamkumbusha kwamba ana mkono mmoja huru na zamu ya wanaounga mkono inakuja, auweke akiba. Shaweji akautoa ule mkono ardhini. Hakuuinua, wala hakuurudisha chini. Aliuleta kifuani akazibana kulabu zake kwapani, kwa hiyo akawa hana kinachomzuia tena isipokuwa vidole viwili na mkono wa jirani yake.

Walioachiwa waliinua yao zamu yao ilipofika, miwili miwili, na walikuwa wengi. Lakini nchi ya Ini ni pana kuliko kelele zake. Bi Chausiku akatangaza kwamba waraka haukuongezwa. Akatangaza hivyo kwa sauti ileile aliyotumia kila mwaka kutangaza kinyume chake, akafunga kitabu, na mikono ikashushwa taratibu kama ilivyopandishwa. Miguu ya Shaweji ikagusa utelezi, ikapata pa kukanyaga.

Bwana Mselemu alikubali bila kinyongo. Ni mtumishi wa nyaraka, na waraka mpya ulipofika mezani kwake alianza siku hiyohiyo kutuma watu kukwangua nta. Nadhani angekwangua kwa bidii ileile miaka kumi mapema kama mtu angemwandikia.

Sitii chumvi. Zege lililomwagwa limebaki, ingawa mmoja wa mafundi wake aliniambia kwamba pembezoni linaanza kulainika. Waliokwenda Mapafu hawajarudi, na wengi wa wale waliojazana ukingoni walijitupa mtoni wiki ileile, wakidai nchi imerudi nyuma. Mto wenyewe, hata hivyo, ulianza kuja msafi. Wenyeji walidai ni barua yao ya mwisho: Mwenyewe aliipokea, akaacha chai, akaenda hospitali. Karanga zenye ukungu zilikoma, pombe ilikoma, na ilikuwa ikishuka dawa chungu iliyowafuata wapangaji hadi vyumbani mwao.

Ukurasa wa Shaweji ulikuwa mgumu kufunguka. Nta ilikuwa imeingia ndani ya maandishi, na mkwanguaji alikaa nyumbani kwake siku nne. Siku ya tano nyumba ikasoma mstari wa kwanza. Nilikuwepo. Sikuona muujiza, niliona ngozi mpya, laini, ikiota kwenye kitanga cha mkono wake wa kulia, na Bi Mwanamvua akisogeza mkono wake mbele kidogo kidogo kadiri ilivyoota, hadi viganja vikakutana na nyongo ikaacha kudondoka. Alilaza kichwa chake begani kwake mwenyewe, upande wa kulia, na mtaa ukambeba.

Nilimuaga Shaweji nikidhani yamekwisha. Lakini yeye alikuwa amegeuka, akiutazama mkono wake wa kushoto. Kulabu zilikuwa zimeanza kunyooka. Njuga ya upande huo ilikuwa bado inalia, na nyuma yake, kati ya waliobaki wa lile kundi, alisimama mwanamke mmoja karibu naye kuliko wengine, aliyezaliwa kwa mlio huo na ambaye maisha yake yote hakuwahi kuguswa na mtu. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa vibaya kuliko vya Shaweji vilivyokuwa. Alikuwa akimtazama kwa mashaka.

"Unaitwa nani?" Shaweji alimuuliza.

"Hatukupewa majina," alijibu yule mwanamke. "Tulikuwa wengi."

Shaweji akaunyoosha mkono kadiri ulivyoweza kunyooka.

"Basi nishike kwanza," alisema. "Jina tutalitafuta."